Maus, Aya, Saga au One Piece: zote zimesifiwa, uanze na ipi?

Ukisema mbele ya wapenzi wa katuni kwamba Maus ilikuchosha, au kwamba Saga uliiacha njiani, utatazamwa kama mtu aliyesusa pilau la harusini. Kwa hiyo wengi hunyamaza. Kitabu kinakaa kwenye mkoba, kinafunguliwa kurasa tatu pantoni ikivuka kwenda Kigamboni, kinafungwa, na mwenyewe akiulizwa anajibu: "Kizuri, bado naenda nacho taratibu."

Makala hii ni ya mtu huyo. Ni ya yule pia ambaye hajaanza kabisa ila ameshapendekezewa vitabu vinne na watu wanne, kila mmoja akiapa kwamba chake ndicho. Nimechukua vinne ambavyo hapa Dar navisikia vikitajwa mara kwa mara na watu wanaosoma katuni ndefu, na ambavyo vinatofautiana vya kutosha kufanya uchaguzi uwe na maana.

Msimamo wangu niuseme mapema. Sijakutana na katuni iliyosifiwa sana isiyokuwa na mahali pa kukera, na wanaosifu ndiko wasikokutajia. Kwa hiyo sikuulizi ipi bora. Nakuuliza ni kero ipi unaiweza.

Zenyewe ni zipi

Maus ni ya Art Spiegelman, Mmarekani. Anamhoji baba yake, Vladek, Myahudi wa Polandi aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani, kisha anachora aliyoyasikia. Wayahudi wana sura za panya, Wajerumani za paka. Ilitoka kwa juzuu mbili, 1986 na 1991, na mwaka 1992 ikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, ambayo hakuna kitabu cha katuni cha aina hiyo kilichokuwa kimewahi kuipata.

Aya imeandikwa na Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, Ivory Coast, aliyehamia Ufaransa akiwa na miaka 12, na mchoraji wake ni Clément Oubrerie. Tuko mwishoni mwa miaka ya 1970 katika kitongoji cha Yopougon, hukohuko Abidjan, ambacho vijana wake wanakiita Yop City ili kisikike kama cha kwenye sinema za Marekani. Aya ana miaka 19 na anataka kuwa daktari. Rafiki zake, Adjoua na Bintou, wanataka dansi na wanaume wenye gari. Juzuu ya kwanza ilitoka 2005, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya kitabu cha kwanza kwenye tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa.

Saga ya Brian K. Vaughan na mchoraji Fiona Staples ilianza Machi 2012. Askari wawili wa pande mbili zinazopigana, Alana mwenye mabawa na Marko mwenye pembe, wamependana na kuzaa, na sasa pande zote mbili zinawasaka. Msimulizi ni mtoto wao, Hazel, akikumbuka akiwa ameshakua. Juzuu ya kwanza ilipata tuzo ya Hugo, ya hadithi za kisayansi na za kufikirika, mwaka 2013.

One Piece ya Eiichiro Oda imekuwa ikitoka kwenye jarida la Kijapani la Shonen Jump tangu Julai 1997. Luffy, kijana mwenye mwili unaovutika kama mpira, anatafuta hazina itakayomfanya awe mfalme wa maharamia. Mwaka 2022 nakala zilizochapishwa zilivuka milioni 500.

Vigezo

Ninavyo vinne. Kwanza, urefu, na kama hadithi ina mwisho. Pili, kinachokwaza, ambacho ndicho kikubwa na nitakikalia. Tatu, picha na lugha: ukurasa unasomeka vipi, na Kiingereza chake ni cha namna gani. Nne, mahali pa kusomea, kwa sababu kitabu kinachofaa kitandani saa nne usiku si lazima kifae kwenye mwendokasi ya saa kumi na moja jioni.

Urefu na mwisho wake

Maus ina kurasa zinazokaribia 300 na imekwisha. Mwisho wa juma mmoja unakutosha kuimaliza, ingawa wengi huigawa kwa sababu ya uzito.

Aya ina juzuu sita zilizotoka kati ya 2005 na 2010. Kwa Kiingereza zilikusanywa kwenye vitabu viwili vinene, kila kimoja na juzuu tatu. Mwaka 2022 waandishi wake walirudi na juzuu ya saba, lakini aliyeishia ya sita hana deni.

Kwenye Saga ndiko watu wanakoanza kulalamika. Mpango uliotangazwa ni matoleo 108, yaani vijitabu vinavyotoka kimoja kimoja kabla ya kukusanywa kuwa juzuu. Toleo la 54 lilitoka Julai 2018, likamalizikia mahali pabaya, pa kumwacha msomaji mdomo wazi, kisha waandishi wakapumzika. Walirudi Januari 2022. Miaka mitatu na nusu! Walioanza nao tangu mwanzo wana haki ya kuwa na kinyongo. Ukianza leo utayavuka mapumziko hayo kwa kufungua juzuu inayofuata tu, lakini nusu ya pili bado inaandikwa na hakuna wa kukuahidi tarehe.

Na One Piece? Juzuu zaidi ya 100, na bado inaendelea. Oda mwenyewe alipoanza alidhani ingemchukua miaka mitano hivi. Wapo watu wazima wenye watoto shuleni walioanza kuisoma wao wenyewe wakiwa wanafunzi. Kwa mwingine hilo ni kosa la jinai, kwa mwingine ni raha tupu, kwamba kitu unachokipenda hakikuishii mkononi.

Kinachokwaza

Nianze na Maus, kwa sababu ndiyo yenye sifa nzito kuliko zote na ndiyo inayowapa watu aibu kubwa wanapokwama.

Msomaji wa Tanzania anaingia na kumbukumbu yake. Panya wa katuni tunaye: Kipanya wa Masoud, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwasema wakubwa magazetini huku sisi tunacheka. Panya wetu ni mjanja, mdogo wa umbo na mkubwa wa maneno. Ukifungua Maus ukiwa na huyo kichwani, kurasa kadhaa za mwanzo zinakupotosha. Panya wa Spiegelman hawana ujanja wa katuni. Wana madeni, viwanda vya nguo, wakwe, watoto wa kufichwa. Nyuso zao zimechorwa kwa mistari michache, karibu zote zinafanana, na hakuna wa kukuchekesha pale unapohitaji kupumua.

Lakini mauaji siyo yanayowakwamisha watu wengi. Hayo walijiandaa nayo. Kinachowakwaza ni Vladek mwenyewe, yule mzee wa New York anayesimulia. Ni bahili wa kupindukia, anaokota waya barabarani, anarudisha dukani boksi la chakula ambalo limeshafunguliwa na kuliwa nusu. Anamnyanyasa mke wake wa pili kwa maneno. Alichoma shajara za mama yake Art, na Art alipogundua alimwita baba yake muuaji. Halafu inakuja ile safari ya gari kwenye juzuu ya pili: mkwe wake, Françoise, anampa lifti mtu mweusi aliyesimama barabarani, na Vladek, mtu aliyepitia Auschwitz, anagombana na kunung'unika kwa Kipolandi njia nzima, kisha anakiri kwamba muda wote alikuwa akilinda vyakula vya kwenye gari visiibiwe. Françoise anamuuliza anawezaje, yeye wa watu wote, kuongea hivyo. Mzee haoni uhusiano wowote.

Ukisoma kurasa hizo ukiwa Mwafrika zinakuchoma mahali pengine kabisa. Nimewahi kumsikia dada mmoja kwenye mazungumzo ya vitabu akisema pale ndipo alipofunga kitabu. Simlaumu. Mimi kwangu pale ndipo kitabu kilipopata heshima yake, kwa sababu mtoto angeweza kukata kipande hicho ili tumpende baba, na hakukikata. Wote wawili tumesoma kurasa zilezile.

Kuna lalamiko jingine: kuchora Wapolandi wote kama nguruwe. Lilileta hasira Polandi, na ni hoja ya haki. Spiegelman naye hakuificha mashaka yake. Katika juzuu ya pili anajichora amekaa kwenye meza ya kuchorea, ni binadamu aliyevaa kinyago cha panya, nzi wanamzunguka. Anaorodhesha mafanikio ya juzuu ya kwanza, lugha itakazotafsiriwa, watu wanaotaka kuifanya filamu, na picha inaposogea nyuma unaona meza ipo juu ya lundo la maiti. Mwandishi wa kitabu kilichosifiwa dunia nzima anakuambia ndani ya kitabu kilekile kwamba sifa zenyewe zinamtia kichefuchefu. Sasa wewe msomaji ukiwa na mashaka mawili matatu, unaona haya ya nini?

Saga inakwaza kwa njia ya kelele zaidi. Ukurasa wa kwanza kabisa ni mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na maneno ya kwanza yanayomtoka hayasemeki mbele ya wakwe. Baada ya hapo kuna matusi, uchi, damu, na mwana wa mfalme wa roboti mwenye televisheni badala ya kichwa, ambayo kioo chake huonyesha chochote kinachopita akilini mwake. Chochote. Mwaka 2013 toleo la 12 lilizuiwa kwa muda kwenye Comixology, programu ya kusomea katuni, kwa simu za Apple kwa sababu ya vilivyokuwa kwenye kioo hicho. Wapo wanaosema vitu hivi vimewekwa kushtua tu, na kuna kurasa ambazo ninakubaliana nao.

Halafu kuna paka. Ni paka mkubwa wa rangi ya buluu, anafuatana na muuaji wa kukodiwa, na kazi yake ni moja: mtu akisema uongo mbele yake, anasema, "Uongo." Basi. Kuna mtoto wa kike aliyeokolewa kwenye danguro ambaye, akiwa amemlalia paka huyo, anasema kwamba yeye ndani ni mchafu kwa ajili ya mambo aliyofanya. Paka anafungua jicho: "Uongo." Ukurasa huo mmoja umewabakiza kwenye Saga watu ambao walikuwa wameshaamua kuondoka. Kero ya Saga ndiyo hiyo, uzuri wake na uchafu wake vimefungwa kwenye kifurushi kimoja, huwezi kununua nusu. Pia inaua watu unaowapenda, bila taarifa.

Aya inakwaza kwa upande wa pili: inaonekana nyepesi mno. Mtu aliyesikia tuzo na sifa anafungua na kukuta umbea. Nani katembea na nani, mimba ya nani, baba gani kampiga nani marufuku kutoka usiku. Usiku wapenzi wanakutana kwenye uwanja wa soko, juu ya meza za wauzaji, mahali wanapopaita hoteli ya nyota elfu kwa kuwa dari yake ni mbingu. Aya mwenyewe, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye jalada, mara nyingi yuko pembeni akishauri wenzake na kukasirika. Unafika ukurasa wa 60 unajiuliza, hii ndiyo iliyosifiwa?

Ndiyo hiyo. Sifa zake nyingi zilitokana na jambo ambalo sisi tunalijua hata kabla ya kufungua kitabu: Mwafrika anaweza kuwa na hadithi isiyo ya vita wala njaa. Kwa msomaji wa Paris hiyo ilikuwa habari. Kwa msomaji wa Magomeni hiyo ni Jumanne. Kwa hiyo nusu ya sifa haikuhusu, na nusu iliyobaki ndiyo ya kuipima: ucheshi, mazungumzo, na jicho la Abouet kwa mambo madogo. Baba yake Aya ana nyumba ndogo, na siku nyumba ndogo inapobisha hodi pamoja na watoto, mama yake Aya anafanya mambo ambayo mwanamke yeyote wa uswahilini atayatambua bila mkalimani. Baadaye yumo Innocent, msusi anayempenda mwanamume mwenzake na kuhamia Paris, na hapo baadhi ya wasomaji wa hapa hukunja uso. Wajue mapema kwamba si mhusika wa kupita, hadithi yake inachukua nafasi kubwa.

Jambo moja linalonifurahisha kama mtu wa hapa: kitabu kinafunguka familia na majirani wakiwa wamejazana mbele ya televisheni kutazama tangazo la bia, mwaka 1978. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini sisi wa bara tulisubiri hadi 1994. Na mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1978 tuliingia Vita vya Kagera, kisha foleni za sukari na sabuni. Abidjan ya kahawa na kakao ilikuwa inacheza. Ukisoma ukiwa na miaka hiyo kichwani, kile kinachoonekana chepesi kinaanza kuwa na uchungu kidogo, hasa ukijua kwamba bei ya kakao iliporomoka baadaye na dansi ikaisha.

One Piece haina mengi ya kujadili hapa. Inakwaza kwa wingi wake, kwa kupiga kelele, kwa vilio visivyokwisha, na kwa namna inavyochora miili ya wanawake, ambayo inazidi kutia chumvi kadiri miaka inavyokwenda. Kurasa za siku hizi zimejaa watu mpaka unatafuta nani anaongea. Wapenzi wake watakuambia uvumilie. Dogo mmoja wa Sinza aliniambia hivi: "Kaka, fika tu kwa Arlong, halafu tuongee." Arlong ni haramia, mmoja wa maadui wa mwanzo wa Luffy. Dogo ana hoja, nitairudia.

Picha na lugha

Maus ni nyeusi na nyeupe, fremu ndogo, maneno yameandikwa kwa mkono. Spiegelman aliichora kwa ukubwa uleule inaochapishwa, kwa hiyo hakuna nafasi iliyopotea. Kiingereza cha Vladek kimepinda, ni cha mtu aliyekijifunza ukubwani, maneno yanakaa mahali pasipo pake. Ajabu ni kwamba kwetu hilo linasaidia, msamiati wake ni mwepesi na unamsikia mzee akiongea.

Aya ina rangi za joto, machweo ya zambarau, vitenge. Iliandikwa kwa Kifaransa na tafsiri ya Kiingereza inateleza vizuri. Mwishoni mwa kila juzuu kuna kurasa za nyongeza: namna ya kufunga kitenge, namna ya kupika mchuzi wa karanga, juisi ya tangawizi. Mapishi yanapikika, viungo vyake havikutumi duka la mbali.

Saga ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, kwa maoni yangu. Staples anachora kwa kompyuta, nyuso zake zinaigiza, na maneno ya Hazel anayaandika kwa mkono wake juu ya picha bila boksi. Kiingereza ni cha mtaani, cha haraka, chenye matusi mengi. Watu wa upande wa Marko wanaongea lugha ya Kiesperanto isiyotafsiriwa, na huna haja ya kuielewa, fuata picha.

One Piece inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Siku ya kwanza utajikwaa, siku ya tatu umeshasahau. Kiingereza chake ni chepesi kuliko zote nne.

Waliokua na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, au na Ndumilakuwili na Lodilofa kwenye Sani, wana mazoea fulani ya kusoma: ukurasa mmoja, kisa kimoja, kicheko, basi. Mazoea hayo yanaishi vizuri na Aya, ambayo vipande vyake ni vifupi na vina vichekesho. Yanagombana na Maus.

Mahali pa kusomea

Hapa nitasema kwa haraka. Maus kwenye simu ni mateso, zile nakala za PDF zinazozunguka WhatsApp ndizo mbaya zaidi, maandishi yanageuka ukungu na wewe unadhani kitabu ndicho kinachochosha. Tafuta cha karatasi. Wauza vitabu vya mitumba wa pembeni mwa barabara katikati ya mji huwa na maajabu yao, duka la vitabu la TPH la Mtaa wa Samora linafaa kuulizia, na mwenye ndugu anayekuja kutoka nje anajua la kufanya.

Saga inakaa vizuri kwenye kioo, fremu zake ni kubwa. Tatizo ni majirani. Ukiwa umesimama kwenye mwendokasi Kimara hadi Kivukoni, begani kwako kuna macho manne, na kile kioo cha yule roboti hakitoi onyo. Isome nyumbani, na kama kuna watoto, iweke juu ya kabati.

One Piece ndiyo rafiki wa simu na foleni. Shueisha, wachapishaji wake, wana programu iitwayo MANGA Plus inayotoa sura za mwanzo na za karibuni bure na kihalali, kwa hiyo unaweza kuonja kwa bando lako tu kabla ya kutoa shilingi. Sura moja inaisha kabla daladala haijatoka Mwenge.

Aya unaweza kuisoma popote, hata sebuleni na mama mkwe. Anayesoma Kifaransa aulizie maktaba ya Alliance Française, kwa kuwa lugha ya asili ya kitabu ina ladha ambayo tafsiri inaipunguza.

Sasa uanze na ipi

Kama hujawahi kusoma katuni ndefu na unataka kujua kama ni kitu chako, anza na juzuu ya kwanza ya Aya. Haikuombi chochote. Ukiona ni umbea mtupu na umbea haukuvutii, usijilazimishe juzuu ya pili, haibadiliki tabia.

Kama unapenda historia, unasoma mambo ya vita na mauaji ya halaiki, au una mzee nyumbani ambaye humwelewi, chukua Maus. Usiichukue wiki ya msiba. Msomaji aliyefiwa kwa kujiua kwa mtu wa karibu ajue kwamba mama wa mwandishi alijiua mwaka 1968, na katikati ya juzuu ya kwanza kuna kurasa chache zinazolisema hilo waziwazi, kwa mchoro mkali kuliko kitabu kizima.

Kama mna mtoto mchanga nyumbani na mmechoka, Saga inaweza kuwagusa kuliko mnavyotarajia, maana chini ya roketi na mizimu ni hadithi ya wazazi wasiolala. Ila anayekerwa na matusi na uchi asidanganywe na tuzo, havipungui mbele. Naye anayechukia kusubiri asubiri hadi iishe, haitakimbia.

Kwa mwanafunzi mwenye likizo ndefu, au mtu wa foleni ya kila siku kutoka Mbagala, One Piece ina faida ambayo nyingine hazina: haiishi. Mzazi wa mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kumwachia hiyo kati ya zote nne bila kulala macho wazi, akishapitia mwenyewe kurasa kadhaa. Ya pili kwa usalama ni Aya, kwa mtoto mkubwa kidogo.

Aliyekwisha kuanza na akakwama, ajiulize kwanza amekwama kwa nini. Kama ni kuchoka, badilisha mahali na muda wa kusoma kabla hujabadilisha kitabu. Kama ni kuumia, weka chini kwa mwezi mmoja. Kama ni kukwazwa, kwamba kitabu kimesema au kimechora jambo usilolikubali, hapo hakuna uvumilivu utakaokusaidia, soma ukurasa huo mara ya pili na uamue wewe.

Na mahali pa kupimia ni hapa. Maus, fika mwisho wa juzuu ya kwanza. Aya, maliza juzuu moja. Saga, matoleo sita ya kwanza, ambayo ndiyo juzuu ya kwanza. One Piece, yule dogo wa Sinza yuko sahihi: mambo ya Arlong yanaisha juzuu ya 11, na kabla ya hapo, juzuu ya 9, kuna msichana mwizi aitwaye Nami ambaye kwa mara ya kwanza anaomba msaada, na Luffy anamvika kofia yake asiyompa mtu. Kama ukurasa huo haukukufanya chochote, mwambie dogo umefika kwa Arlong, mrudishie vitabu vyake.